Bunduki za Peking, Dawa za Reggio Emilia

Tarehe 1 Julai 1970 yalitokea mambo mawili, moja ng'ambo ya mto Ruvuma na jingine Roma. Ng'ambo ya Ruvuma, Jenerali Kaúlza de Arriaga, kamanda wa majeshi ya Ureno nchini Msumbiji, alianza operesheni kubwa kuliko zote za vita ile. Maelfu ya askari walimwagwa katika nchi ya Mueda ili kuzing'oa kambi za wapigania uhuru wa Frelimo. Roma, siku hiyohiyo, Papa Paulo wa Sita aliwapokea Vatikani watu watatu ambao Lisbon iliwaita magaidi: Amílcar Cabral wa Guinea-Bissau, Agostinho Neto wa Angola na Marcelino dos Santos wa Frelimo. Ureno ilimrudisha nyumbani balozi wake kwa hasira. Kabla mwaka haujaisha, Oktoba, ujenzi wa reli ya Tanzania na Zambia ulizinduliwa kwa mkopo na mafundi wa China, na Novemba 6 serikali ya Italia ikaitambua rasmi China ya Mao.

Anayesoma historia kwa kufuata miji mikuu atayaweka mambo hayo katika majalada manne. Akiisoma kutokea Mnyambe, kati ya mikorosho ya Newala, jalada linakuwa moja. Maandishi mengi kuhusu China na Italia huanza na Marco Polo, huruka karne saba, kisha hutua kwenye mikataba ya biashara ya juzi. Humo katikati husahauliwa kwamba kwa karibu miaka ishirini chama tawala cha Beijing na chama kikubwa cha upinzani cha Roma vilikuwa havisemezani, na kwamba katika miaka hiyohiyo ya kununiana misaada yao ilivushwa mto mmoja, kwa mitumbwi ileile na juu ya vichwa vya wanawake walewale. Kazi ile ilikuwa na mwenyeji. Wageni walikuja na vyao, mwenyeji akapanga. Nadhani tofauti kubwa ya zama zile na hizi iko hapo.

Ugomvi wenyewe ulianza na hotuba. Desemba 1962 Chama cha Kikomunisti cha Italia, PCI, kilifanya mkutano wake mkuu wa kumi mjini Roma. Kilikuwa chama kikubwa kuliko vyama vyote vya kikomunisti vya Magharibi, chenye halmashauri zake, magazeti yake na mamilioni ya kura. Katibu wake, Palmiro Togliatti, alishikilia kwamba Italia ingeweza kufika kwenye ujamaa kwa bunge na mageuzi ya hatua kwa hatua. Mjumbe wa China alikaa ukumbini akisikiliza msimamo wa chama chake ukikosolewa hadharani. Tarehe 31 Desemba gazeti la People's Daily la Beijing likajibu kwa makala ndefu kuhusu tofauti kati ya ndugu Togliatti na Wachina, na miezi michache baadaye ikafuata nyingine ndefu zaidi. Kilikuwa kijembe: anatajwa Togliatti, anayetakiwa asikie ni Khrushchev kule Moscow. Lakini kijembe nacho huwa na makali yake. Beijing ilisema kwamba anayehubiri njia ya amani kwa watu waliokaliwa kwa mabavu anawafunga mikono.

Huko Ulaya hoja hiyo ilikuwa mada ya semina. Kwa waliokuwa wakivuka Ruvuma kuja Newala na Mtwara haikuwa mada hata kidogo, maana jibu walikuwa nalo tangu Juni 16, 1960, siku watu walipokusanyika Mueda mbele ya gavana wa Kireno kudai haki zao, wakafyatuliwa risasi. Frelimo iliundwa Dar es Salaam Juni 25, 1962, miezi sita kabla ya mkutano wa Roma, na Septemba 25, 1964 ikafyatua risasi zake za kwanza pale Chai, katika mkoa wa Cabo Delgado. Redio Peking ilikuwa ikitangaza kwa Kiswahili tangu Septemba 1961, lakini sidhani kama mtu aliyetoka Mueda alihitaji redio kumwambia kwamba Mreno haondoki kwa karatasi ya kura.

Kwa hiyo katika hoja ya bunduki, kusini ilikuwa upande wa Peking. Haikuishia hapo, ndiyo maana ninaona wanaoiweka Tanzania ya miaka ile katika kapu la China wanakosea.

Twende Nachingwea, jirani ya Masasi. Waingereza walikuwa wamefyeka pori hilo mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa mradi wa karanga, wakajenga reli kutoka bandari ya Mtwara, mradi ukafa mikononi mwao ndani ya miaka michache. Mabaki yake yalikuwa nyumba, viwanja na majina ya mashamba kwa namba. Moja ya hayo, Farm 17, likawa kambi kuu ya mafunzo ya Frelimo. Eduardo Mondlane alipouawa kwa bomu la kifurushi Dar es Salaam Februari 3, 1969, uongozi ulihamia polepole kwa Samora Machel, aliyekuwa mtu wa kambi hiyo kuliko mtu wa ofisi. Mwaka 1971 Machel alikwenda China, na wakufunzi wa Kichina wakawa sehemu ya maisha ya Nachingwea. Walifundisha kuvizia, kutega mabomu ya ardhini, kupigana vita virefu bila haraka, na kukaa na wanakijiji kwa namna ambayo wanakijiji hawatakwenda kuwasema kwa adui. Silaha za Kisovieti nazo zilifika. Mrusi na Mchina, waliokuwa wamekwisha kupigana risasi mpakani kwao kwenye mto Ussuri Machi 1969, walikutana kimya kwenye ghala moja la Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU.

Sasa upande wa pili. Kaskazini mwa Italia, katika jimbo la Emilia-Romagna, kuna mji wa Reggio Emilia ambao wakomunisti waliushika tangu Vita Kuu ya Pili ilipokwisha. Dunia inaufahamu kwa shule zake za chekechea: manispaa ilifungua ya kwanza mwaka 1963, kwa mawazo ya mwalimu Loris Malaguzzi, na leo walimu wa watoto wadogo duniani kote wanautaja mfumo wa Reggio Emilia. Wakomunisti wa namna hiyo, wa chekechea na hospitali na barabara za mtaa, ndio waliokuwa wakisutwa na People's Daily. Mwaka 1970 hospitali yao ya Santa Maria Nuova ilifunga undugu na hospitali ya Frelimo ya Cabo Delgado, ikiahidi dawa, vifaa na mafunzo. Diwani mmoja wa PCI, Giuseppe Soncini, aliibeba kazi hiyo kama yake binafsi. Mwaka 1972 mpiga filamu wa mji huohuo, Franco Cigarini, alikaa siku kumi na wapiganaji ndani ya maeneo yaliyokombolewa, akarudi na filamu iliyoonyeshwa kwa watu ambao walikuwa hawajawahi kusikia jina la Mueda.

Mlango wa kuingilia ulikuwa upande wetu, na kwa Cabo Delgado hapakuwa na mwingine. Mtwara mjini palikuwa na hospitali ya Frelimo iliyopewa jina la Américo Boavida, daktari wa Angola aliyeuawa vitani mwaka 1968. Kutoka pwani mizigo ilipanda tambarare ya Makonde, ikashuka bonde la Ruvuma, ikavuka kwa mitumbwi, na baada ya hapo hakukuwa na gari. Ilikuwa kichwani, usiku, kwa siku kadhaa. Aliyebeba boksi la risasi la Peking na aliyebeba boksi la bandeji la Reggio Emilia walitembea katika msafara mmoja. Sijui kama kuna mahali pengine duniani ambapo ubishi wa Togliatti na Mao ulisuluhishwa vizuri kuliko kwenye njia zile.

Ila hapa ni lazima niichafue picha. Ndege za kivita ambazo Ureno ilizitumia Msumbiji kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 zilikuwa Fiat G.91, usanifu wa Turin, ambazo Ujerumani Magharibi iliiuzia Ureno. Italia na Ureno zilikuwa wanachama wa NATO pamoja. Kwa hiyo mkulima wa Mueda angeweza kuangushiwa bomu na ndege ya Kiitaliano asubuhi na kufungwa jeraha kwa kitambaa cha Kiitaliano jioni. Ukitaka kuielewa siasa ya Italia ya wakati ule, anzia hapo: kulikuwa na Italia ya serikali na viwanda, Italia ya wakomunisti wa manispaa, na Italia ya Kanisa, na zote tatu zilikuwa zikivutana. Mkutano wa kimataifa wa kuunga mkono watu wa makoloni ya Ureno, uliofanyika Roma Juni 27 hadi 29, 1970, ulizisukuma zote tatu kwa mpigo. Papa alifungua mlango siku mbili baadaye. Mwaka huohuo serikali ilikataa kuidhamini kampuni ya Kiitaliano iliyokuwa ndani ya mradi wa bwawa la Cahora Bassa. Ndege hazikurudishwa.

Msukumo huohuo wa ndani ndio uliobadili msimamo wa Roma juu ya Beijing. Katika miaka ya 1960 Italia ilikuwa ikijificha Umoja wa Mataifa nyuma ya pendekezo la kuunda kamati ya kulichunguza suala la China, na ajuaye vikao anajua kamati ya uchunguzi huundwa ili jambo lisiamuliwe. Aliyelisukuma mbele alikuwa Pietro Nenni, kiongozi mkongwe wa Wasoshalisti, ambaye alikwisha kufika Beijing na kukutana na Mao mwaka 1955. Chama chake kilipoingia serikalini na chama cha Demokrasia ya Kikristo, na yeye akawa waziri wa mambo ya nje, alitangaza Januari 1969 kwamba Italia itaitambua China. Mazungumzo yalifanyika Paris kwa zaidi ya mwaka mzima, kikwazo kikiwa Taiwan, na yalikamilika Aldo Moro akiwa waziri. Italia ilisema tu kwamba imeisikia kauli ya China kuhusu kisiwa hicho, bila kuikubali wala kuikana.

Tanzania haikuwa na haja ya maneno ya kuzungukazunguka. Mwalimu Nyerere alikwenda China Februari 1965, Zhou Enlai akaja Dar es Salaam Juni mwaka huohuo (na kutuachia jina la suti, chuenlai, ambalo mafundi cherehani walilitumia kwa miaka mingi bila kumfikiria mwenye jina). Oktoba 25, 1971 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipopiga kura 76 kwa 35 kuirudishia Beijing kiti chake, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizowasilisha azimio, na balozi wetu Salim Ahmed Salim, kijana wa miaka 29, alionekana akishangilia kwa namna ambayo Wamarekani hawakuisahau. Miaka kumi baadaye alipogombea ukatibu mkuu, Marekani ilimzuia kwa kura ya turufu raundi baada ya raundi, na China ikamlipia kwa kumzuia Kurt Waldheim vivyo hivyo. Italia nayo, mwaka 1971, ilipiga kura ya ndiyo. Ilikuwa imechelewa, lakini ilifika.

Kuna mahali pengine ambapo China na Italia zilikutana Tanzania bila kupangana. Ian Smith alipojitangazia uhuru wa walowezi huko Rhodesia Novemba 11, 1965, Zambia ilibaki bila njia salama ya kupitisha shaba na mafuta. Waliojibu kwanza walikuwa Waitaliano. Kampuni ya Snam Progetti, ya kundi la shirika la mafuta la ENI, ililaza bomba la mafuta kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, kilomita 1,710, likafunguliwa mwaka 1968. ENI ilikuwa tayari hapa: kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER, Kigamboni, kilianza kazi 1966. Kisha ikaja reli, kilomita 1,860, ambayo Benki ya Dunia na nchi za Magharibi walisema haina faida, na China ikaijenga kwa mkopo usio na riba, ikakabidhiwa Julai 1976. Reli na bomba vinakwenda njia moja. Reli inakumbukwa kwa sababu inapiga honi na kwa sababu Wachina zaidi ya sitini wamezikwa Tanzania na Zambia kwa ajili yake. Bomba limelala kimya chini ya ardhi na halina hata wimbo. Nimesoma uchambuzi mwingi unaoisifu reli kama udugu na kuliona bomba kama biashara tu. Zambia ilihitaji vyote viwili, na dereva wa lori la Ndola hakuuliza dizeli yake imeletwa kwa moyo gani.

Sisi wa kusini tuna la kwetu la kusema juu ya njia hizo: zilipita mbali. Reli ya karanga, ile ya Mtwara hadi Nachingwea, iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miaka hiyohiyo ambayo vyuma vipya vilikuwa vikilazwa kuelekea Zambia, mzigo wa vita uliofika kusini uliingia kwa barabara ya vumbi na kutoka kwa kichwa. Mkoa ulioubeba ukombozi ndio uliobaki bila reli.

Italia, hata hivyo, ilifika mpaka kwenye korosho zetu. Katika miaka ya 1970, kwa mikopo ya Benki ya Dunia, vilijengwa viwanda vya kubangua korosho vikiwamo vya Newala, Masasi na Nachingwea. Mitambo ilikuwa ya aina mbili, ya Kijapani na ya kampuni ya Kiitaliano ya Oltremare. Hesabu ilikuwa rahisi: nchi ilikuwa imevuna tani 145,000 msimu wa 1973/74, nyingi zikitoka kusini, na sehemu kubwa ilikuwa ikipelekwa India na maganda yake. Tubangue wenyewe. Viwanda viliposimama, korosho hazikuwapo. Msimu wa 1986/87 mavuno ya nchi nzima yalikuwa karibu tani 16,500. Baadhi ya mitambo ilipata kutu kabla haijafanya kazi ya msimu wa kutosha.

Ugonjwa wa ubwiri unga ulichangia, na bei ya kumvunja mkulima moyo ilichangia. Lakini sababu ambayo mzee yeyote wa tambarare ya Makonde ataitaja kwanza ni vijiji. Mtwara ilihamishwa mapema kuliko mikoa mingi, kwa sababu ya vita: kaya zilizotawanyika karibu na Ruvuma zilikusanywa ili zilindike. Kisha ikaja operesheni ya nchi nzima, Mwalimu akiwa ameagiza kila mtu awe kijijini kufikia mwisho wa 1976. Mtu alihamishwa, mkorosho haukuhamishwa. Shamba likawa mwendo wa saa kadhaa, magugu yakaota, moto wa kiangazi ukapita.

Wachambuzi wa Magharibi walikuwa wepesi kusema kwamba vijiji hivyo viliigwa kwa makomuni ya China. Tarehe haziwaungi mkono: Nyerere aliandika msingi wa Ujamaa Aprili 1962, karibu miaka mitatu kabla hajakanyaga Beijing, na alichokileta kutoka kule ilikuwa hasa sifa ya kubana matumizi. Pia watu wa Newala walihamishwa kwa kuogopa Wareno, jambo ambalo halikuhusiana na mafundisho ya Mao. Kinachofanana ni haraka. Kule China mwaka 1958, na huku miaka kumi na tano baadaye, mpangaji alidhani kwamba mtu akishahamishwa, chakula na zao vitamfuata. Mtambo wa Kiitaliano uliokosa korosho na mkorosho uliokosa mwenyewe ni kisa kimoja, na lawama zake siwezi kuzipeleka Roma wala Beijing. Zilikuwa hesabu zetu.

Ureno ilianguka yenyewe kwanza, Lisbon, Aprili 25, 1974. Mkataba ulitiwa saini Lusaka Septemba 7, na Mei 1975 Machel alianza safari ya kutoka Ruvuma hadi Maputo, akifika kwa uhuru wa Juni 25. Mwaka huohuo Angola ikawavunja marafiki. China, kwa kuichukia Moscow, ilikuwa imewasaidia wapinzani wa MPLA, chama cha Neto, na ikajikuta upande mmoja na Afrika Kusini ya makaburu. PCI iliiunga mkono MPLA, kama zilivyofanya Tanzania na Msumbiji. Machi 1977 Maputo ikatia saini mkataba wa urafiki na Moscow. Wakufunzi wa Nachingwea walikuwa wamefundisha vizuri, lakini mwanafunzi hakununuliwa.

PCI nayo ilikuwa ikijitenga na Moscow kwa njia yake. Mao alikuwa amekwisha kufa, Deng Xiaoping ameshika usukani, na Aprili 1980 katibu wa PCI, Enrico Berlinguer, alikwenda Beijing na kurejesha uhusiano wa vyama hivyo viwili. Hakuna aliyeomba radhi kwa maneno ya 1962. Chama kilichowasuta Waitaliano kwa kupenda mageuzi ya hatua kwa hatua kilikuwa sasa kikifanya mageuzi ambayo Togliatti hakuyathubutu.

Mavuno makubwa zaidi ya dawa za Reggio Emilia yalikuja kwa mlango ambao hakuna aliyeutegemea. Baada ya uhuru Frelimo ilikuwa imebanana vibaya na Kanisa Katoliki, na vita vya waasi wa Renamo vilikuwa vikiila nchi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Askofu Jaime Gonçalves wa Beira alifika Roma akitafuta mtu ambaye Maputo ingemsikiliza. Jumuiya ya Sant'Egidio, kikundi cha walei Wakatoliki, ikamkutanisha na Berlinguer. Askofu kuomba msaada kwa katibu wa wakomunisti ni jambo la kuchekesha mpaka ukumbuke nani aliyepeleka bandeji Cabo Delgado. Amana ile ilikuwa bado benki. Kutoka hapo mazungumzo yalikua, na kuanzia Julai 1990 Frelimo na Renamo walikaa Sant'Egidio mbele ya wapatanishi wanne: Andrea Riccardi, padri Matteo Zuppi ambaye leo ni kardinali, Gonçalves mwenyewe, na Mario Raffaelli, mwanasiasa Msoshalisti, kwa niaba ya serikali ya Italia. Ujumbe wa Frelimo uliongozwa na Armando Guebuza, mtu wa kizazi cha Nachingwea. Mkataba ulitiwa saini Roma Oktoba 4, 1992. China haikuwa mezani. Bunduki husaidia kushinda vita, lakini anayeitwa kuimaliza mara nyingi ni yule aliyeleta dawa.

Ya Njia ya Hariri mpya ya China sitayakalia. Italia ilijiunga nayo Machi 2019 wakati wa Giuseppe Conte, ya kwanza katika kundi la nchi saba tajiri, na ikajitoa kimyakimya Desemba 2023 chini ya Giorgia Meloni, ambaye miezi saba baadaye alikuwa Beijing akitafuta namna nyingine ya kufanya biashara. Rais Magufuli naye alikuwa ameyakataa masharti ya Wachina kwa bandari ya Bagamoyo mwaka 2019, yeye kwa sauti kubwa. Meloni ameuita mpango wake wa Afrika kwa jina la Enrico Mattei, mwanzilishi wa ENI. Italia inachangia njia ya reli ya Lobito, na China imepewa kuifufua ile reli ya Zambia, TAZARA, kwa mkataba wa miaka 30: tena wako pamoja, tena kuelekea shaba ya Zambia, tena mbali na sisi.

Kilicho karibu nasi ni gesi. Wa kwanza kuigundua walikuwa Waitaliano: AGIP, tawi la ENI, iliipata Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay, mkoa wetu wa Mtwara, mwaka 1982, ikaona haina soko, ikaondoka. Miaka thelathini baadaye bomba la kuipeleka Dar es Salaam lilijengwa na kampuni za Kichina kwa mkopo wa dola bilioni 1.2 kutoka Benki ya Exim ya China. Watu wa kusini walishaona vitu vikipita. Desemba 2012 waliandamana Mtwara, Januari 2013 ghasia zikafika Masasi, nyumba na ofisi zikachomwa na watu wakafa, na Mei Mtwara ikawaka tena. Hasira haikuwa juu ya Mchina. Ilikuwa juu ya mwenyeji, yule aliyekuwa akipanga kazi wakati wa Nachingwea, kwamba safari hii amepanga bila wao.

Katikati ya ghasia hizo, Machi 2013, Xi Jinping alifika Dar es Salaam katika ziara yake ya kwanza ya nje akiwa rais, akahutubia kwenye ukumbi wa Mwalimu Nyerere uliojengwa na China. Siku chache kabla, Machi hiyohiyo, shirika la mafuta la China, CNPC, lilikubaliana na ENI kununua sehemu ya hisa zake katika Eneo la 4 la bonde la gesi la Ruvuma baharini, upande wa Msumbiji, kwa dola bilioni 4.21. Ndivyo China na Italia zilivyokutana uso kwa uso mwishowe, baada ya nusu karne ya kukutana kupitia kwetu. Hawahitaji tena Nachingwea kuwakutanisha, wala msafara wa usiku. Chama cha Frelimo kilichowapokea wote wawili kinapeleka leo makada wake kwenye chuo cha uongozi cha Kibaha, kilichofunguliwa Februari 2022 kwa msaada wa China, pamoja na CCM na vyama vingine vinne vya ukombozi. Upande wa nchi kavu, Cabo Delgado imekuwa na vita tangu Oktoba 2017, na wanaokimbia wamevuka mto kuja huku, kama walivyovuka waliowatangulia.

Mtambo wa gesi wa ENI na washirika wake katika Eneo la 4, uitwao Coral Sul, uliundwa Korea Kusini, ukavutwa baharini na kutia nanga Januari 2022, na Novemba mwaka huo shehena ya kwanza ya gesi iliyogeuzwa kimiminika ikaondoka. Una uwezo wa tani milioni 3.4 kwa mwaka. Ukisimama Newala pale Shimo la Mungu, ambapo ardhi inakatika na bonde lote la Ruvuma linabaki chini yako mpaka vilima vya Msumbiji, huwezi kuuona. Unaelea kwenye maji marefu upande wa mashariki, na hauna bomba hata moja linalofika pwani.